Baridi ya Awino

Aliyeiua dawa ya Akur ni mumewe mwenyewe, Mzee Mathiang, na aliiua kwa bidii.

Jumatatu friji ya zahanati ya jirani ilizimika. Nesi Penina akawaita wagonjwa wake, akamkabidhi kila mmoja dawa yake na kumwambia atafute mahali pa baridi. Ulikuwa mwezi wa tatu, na katika nyumba za mabati za mtaa wa Lemon Gaba hata maji ya mtungini yalikuwa vuguvugu. Mathiang alibeba chupa ya insulini ya mkewe mfukoni mwa shati kama anayebeba yai.

Friji isiyozimwa mtaani ilikuwa moja tu, ya Awino, mwanamke wa Kisumu aliyeuza bia na kuonyesha mpira kwenye runinga kubwa. Barafu pia aliuza. Lakini kwa Awino Mathiang hakuwa na njia. Miaka miwili nyuma, yeye akiwa mzee wa kanisa, alikuwa ameandika kwa mkono wake kiapo cha ushirika wao: hawatanunua hata kiberiti mahali panapouzwa pombe, wala hawatakaa kutazama burudani walipo walevi. Watu arobaini waliinua mkono. Wa mwisho kuinua alikuwa Akur. Alikuwa binti wa ukoo wa wapiganaji wa mieleka wa mji wa Bor, na hakuna Jumamosi aliyokosa uwanjani, akiwashangilia watoto wa wajomba zake mpaka sauti inakauka. Pembeni mwa uwanja huo pombe iliuzwa. Aliinua mkono, na tangu siku hiyo hakwenda tena. Ngoma za mieleka zikisikika, aliongeza sauti ya redio ya mahubiri.

Basi Mathiang alipanda bodaboda mpaka soko la Custom kutafuta barafu isiyo na dhambi. Muuza samaki mmoja akamfundisha ufundi wao: ukitaka barafu iume, ichanganye na chumvi. Mathiang alikuwa mtu wa kupenda kujifunza. Alinunua chumvi, akaitia kwenye ndoo ya barafu, akaichimbia chupa katikati. Kila asubuhi aliikuta dawa imekuwa jiwe. Aliiyeyusha kwa viganja vyake, wakaomba, akamdunga mkewe. Kila siku alirudi Custom kuchukua barafu nyingine, na kila siku Akur aliongeza kiu na kupungukiwa na maneno.

Alhamisi hakuweza kuamka. Penina alikuja mbio, akampima sukari. Kipimo hakikutoa namba, kilisema tu kwamba imepita kiasi. Mathiang akamletea ndoo yake aione.

“Mzee, hii iliganda?”

“Iliganda vizuri kabisa. Kila siku.”

Penina aliketi juu ya dumu la maji. Akamwambia taratibu kwamba insulini ikiganda inakufa, na haifufuki kwa kuyeyushwa. Siku tatu alikuwa akimdunga mkewe maji. Akamwambia na jambo la pili: akiba yote ya zahanati ilikuwa kwa Awino tangu Jumatatu ileile. Hakumwambia mapema kwa sababu alimjua alivyo. Angekwenda kuichukua mwenyewe, lakini alikuwa amemwacha mama mmoja mezani anajifungua. Akaandika kikaratasi cha kumpa Awino, akaeleza kipimo cha dawa, akasema ikifika asubuhi sukari haijashuka, wampeleke hospitali bila kungoja. Akaondoka.

Akur alikuwa amefumba macho, lakini alikuwa amesikia yote.

“Kwa Awino huendi,” alisema.

Mathiang alimwambia kwamba Mungu anaelewa. Akur akageuza kichwa polepole kumtazama.

“Baba Aguer, mimi niliacha mieleka. Mtoto wa mjomba aliangusha wanaume saba uwanjani, nikahadithiwa. Niliacha kwa sababu ya huo mkono uliosema tuuinue. Kama kiapo kinakunjwa kama mkeka, basi ulininyang'anya bure.” Alipumua mara kadhaa. “Dawa iliyolala na bia sitaki mwilini mwangu.”

Mathiang alimsihi, akapiga magoti kando ya kitanda, na hakukumbuka kama aliwahi kumpigia mkewe magoti. Akur aligeukia ukuta. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Mathiang alichukua kofia yake, akamwambia anakwenda kuona kama friji ya zahanati imetengenezwa.

Kwa Awino palikuwa na wanaume sita na mpira wa marudio. Wote waligeuka. Mmoja akauliza kama mzee amekuja kuwahubiria ama joto limemzidi huko nje. Mathiang alimfikishia Awino kikaratasi kwa mikono miwili.

Awino alikisoma, akakiweka kwenye kaunta. “Soda yangu haramu,” alisema. “Barafu yangu haramu. Hata kiberiti changu. Lakini baridi yangu ni halali, eh, mzee?”

Wanaume walicheka. Mathiang alisema hakuja kubishana.

“Watu wako walinihama kwa siku moja. Nilipika chapati za Jumapili zikaliwa na mbuzi.”

“Najua, mama. Kiapo ni mimi niliyekiandika.” “Mke wangu anakufa.”

Awino alifungua friji, akapitisha mkono nyuma ya chupa za bia, akatoa kiboksi kidogo na kukifunga ndani ya kitambaa chenye maji. Alimwambia atakuwa akiifuata kila asubuhi na kila jioni, kwa mlango wa mbele. Wanaojificha kupitia mlango wa uani wamemchosha, alisema, na asubuhi hiyo tu walipita watatu wa ushirika wa mzee. Hakuwataja, na Mathiang hakuuliza. Alitoka mbio kwa miguu ya uzee wake.

Akur alifungua macho alipoona sindano.

“Imetoka wapi?”

Njiani Mathiang alikuwa amepanga maneno ya kumshawishi, na yote yalikuwa ya kweli. Alimtazama, akaona kwamba mkewe hana nguvu ya kubishana, wala yeye hana muda wa kushindwa.

“Zahanati,” alisema. “Friji imepona.”

Uso wa Akur ulilegea. Akamzuia mkono, kwa kuwa katika nyumba ile hawakudunga dawa bila kuomba. Mathiang akaomba kwa kifupi, akasema amina.

“Hukumshukuru Mungu kwa ajili ya friji,” alisema Akur.

“Ameshasikia, Mama Aguer.”

“Mshukuru.”

Mathiang akafumba macho tena. Akamshukuru Mungu, kwa sauti, kwa ajili ya friji ambayo bado ilikuwa imezimika, akasikia mkewe akiitikia amina kwa furaha. Ndipo alipoinua ngozi ya tumbo la mkewe na kumdunga.

“Jumapili nitatoa ushuhuda,” Akur alinong'ona. “Tulishika kiapo, naye Mungu akatushika. Utaniita mbele wewe mwenyewe.”

Mathiang alisema atamwita. Akaushika mkono wake, akabaki akisikiliza pumzi yake, akiomba kimoyomoyo mkewe aifikie Jumapili, huku akiiogopa Jumapili yenyewe kama mtu anavyoogopa hukumu.