Mbele Gauni, Nyuma Vibanio

Mtaa mzima walimwita Usicheke, na jina hilo alijipa kwa mdomo wake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za pasipoti, na kila aliyekaa kwenye kigoda chake aliambiwa maneno yale yale: nyoosha shingo, masikio yaonekane, usicheke. Watu walimzoea hivyo kiasi kwamba akiwaelekezea kamera hata harusini, wanakakamaa kama wanasubiri hukumu. Kwa hiyo siku mkewe alipomwambia, "Leo utanipigia picha za kimodo," Usicheke alijibu "sawa" ya mtu asiyejua anakubali nini.

Jambo lenyewe halikuwa la mchezo. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na sare za shule alikuwa amezishona mpaka anaziota. Kwa muda wa kuibia ibia akakata gauni moja la buluu, mtindo wa kichwani mwake mwenyewe, mikono mipana, kiuno kimekunjwa mkunjo mmoja mmoja kwa vidole. Mwenye duka la nguo la barabara kubwa alikuwa ameliona kwenye hanga, akasema kwenye hanga halimwambii kitu. "Nitumie picha limevaliwa, kama wanavyovaa mamodo wa magazetini. Leo jioni naamua nani atanishonea." Akikubali, fundi anaagana na sare. Asipokubali, rundo la kaptula linamsubiri, na fundi alikuwa ameshaapa kwamba atakayemletea kaptula nyingine atamtupia cherehani miguuni. Aliyasema huku anacheka, lakini mumewe alimtazama macho akaona hayacheki.

Modo alikuwa binti mmoja mrefu wa saluni, na gauni lilikatwa kwa vipimo vyake. Muda ulipofika, akatuma ujumbe: amepata safari, samahani sana. Ameingia mitini hivyo, mchana kweupe.

Fundi hakulia. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, gauni mapajani, akawa analipapasa tu. Yeye mwenyewe ni mfupi; alikuwa ameshalijaribu likafagia sakafu. Usicheke akamtazama, akaona heri angelia. Akatoka nje kumwita dada yake.

Dada yake mkubwa aliuza mkaa pembeni ya studio, mwanamke mrefu, wa mwili mkubwa na kicheko kikubwa kuliko mwili. Aliposikia anachotakiwa, akajitazama mikono yake myeusi, akalitazama gauni.

"Hilo litaniingia mkono mmoja," akasema.

"Jaribu tu, wifi yangu," fundi akamwambia. "Mwenzio maji yako shingoni."

Dada mtu akaenda kunawa mpaka viwiko, akarudia. Na ujue kwamba mwanamke huyu, kila alipopita kwenye cherehani ya wifi yake, alikuwa akishika kitambaa na kuuliza, "Langu lini?" Fundi alimjibu "wiki ijayo," ile wiki ijayo ya mafundi ambayo sote tunaijua. Ukweli ni kwamba fundi aliogopa kuukatia nguo mwili ule. Vipimo vya sare havifiki huko, na kumharibia wifi nguo ni kesi ya ukoo. Mwisho dada mtu akaacha kuuliza. Hakununa, aliacha tu, na fundi akajifanya hakuona.

Basi fundi akachukua wembe, akafumua mshono wa mgongoni kuanzia juu hadi chini. Nyie, kufumua kazi ya mkono wako si kitu kidogo. Akapitisha kamba huku na huku, kisha akabana kwa vibanio vyote vilivyokuwa kwenye kamba ya nguo. Mbele gauni lilikaa utafikiri limezaliwa naye. Nyuma ilikuwa ajali.

"Nikipiga chafya tumekwisha," dada mtu akasema.

Usicheke akaweka kamera yake kwenye kile kistendi chenye mguu uliofungwa kwa mpira wa baiskeli. Akapiga, akapiga tena, jasho linamtiririka. Kisha akamwonyesha mkewe kwa fahari. Mkewe akatazama: sura, shingo, masikio mawili safi kabisa. Akapitisha nyingine: sura. Nyingine: sura.

"Mume wangu," akasema taratibu, "unampeleka wifi ng'ambo? Gauni liko wapi?"

Usicheke alitamani ardhi impasukie. Alikuwa amepiga vichwa tu, kama anavyopiga kila siku ya Mungu. Tena ukuta wake mweupe ulipakwa rangi kipande kidogo tu nyuma ya kigoda. Kilichobaki ni tope na misumari. Wakahamia uani. Shuka ikatundikwa kwenye kamba. Fundi akashika kadibodi iliyobandikwa foili, akarudisha mwanga wa jua usoni kwa wifi yake, naye Usicheke akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa choo.

Sasa gauni likaonekana. Tatizo likawa aliyelivaa. Yule mwanamke anayechekesha hata wadai, mbele ya kamera ya mdogo wake alikuwa gogo. Mikono ubavuni, midomo imefungwa.

"Legeza uso, dada."

"Ndio huu nimelegeza."

Jua lilikuwa linahama. Usicheke akamwona mkewe nyuma ya kadibodi, bado ameiinua juu, wala halalamiki, na roho ikamuuma. Alimpenda huyu mwanamke, na siku pekee aliyomwomba kitu, yeye anampigia pasipoti. Akili ikamruka, ulimi ukashika njia yake ya zamani.

"Haya, tazama hapa. Nyoosha shingo. Usicheke."

Dada mtu akabana kicheko, kibanio kikafyatuka mgongoni, kikaenda kugonga shuka. Kisha cha pili.

"Usicheke," dada mtu akarudia kwa sauti ya mdogo wake, na hapo hapo kicheko kikamtoka. Vibanio vikaruka kimoja baada ya kingine. Akalikumbatia gauni kifuani lisimdondoke, mikono ile mipana ikafunguka, kiuno kikageuka, kitambaa chote kikacheza naye. Fundi akatupa kadibodi, akakimbia kumsitiri mgongo, mbavu hana. Kidole cha Usicheke kikabonyeza, chenyewe tu.

Walituma ile. Nyingine zote zilikuwa za polisi.

Jioni mwenye duka akapiga simu. Fundi akamwambia ukweli kabla hajaulizwa: nyuma pako wazi, ni vibanio.

"Sawa," mwenye duka akasema. "Basi ushone la kufungika. Wateja wangu wana miili kama ya huyu mama, na kila wakinunua wanarudisha. Nataka hili hili, saizi yake. Utaweza?"

"Nitaweza," fundi akasema, na mumewe akajua ameweza.

Alipokata simu, wakashikana mikono yeye na mumewe. Kisha fundi akavua mkanda wa kupimia shingoni, akatoka hadi kwenye magunia ya mkaa.

"Wifi, simama."

"Kuna nini tena? Vibanio vimekwisha."

"Nakupima. La kwanza ni lako. Nilikuchelewesha kwa sababu niliogopa, nisamehe."

Dada mtu akajifuta mikono kwenye kanga. Akasimama wima, mikono ubavuni, shingo imenyooka, masikio yanaonekana, vile vile alivyofundishwa. Usicheke akaichukua kamera yake mlangoni.

"Dada," akasema, "cheka."

Akajaribu, machozi yakamtangulia. Fundi, mkanda ukiwa umemzunguka wifi yake kiunoni, akalaza shavu kwenye ule ubavu mpana. Picha ya hapo imetikisika kidogo, na ndiyo iliyotundikwa studio mpaka leo, juu ya kigoda.