Kesi ya Nyani wa Bahari

Mume wangu Gasper anaweza kukaa bila kula, lakini hawezi kukaa bila kukataza. Ndiyo maana walipomchagua mwenyekiti wa kamati ya ulinzi wa mwalo wetu, pale wavuvi wanapopandisha mitumbwi hapa Ujiji, alivaa kizibao cha kung'aa na kuning'iniza filimbi shingoni, akatembea mtaa mzima wa Kasingirima aonekane.

Tangu siku hiyo aliyekiona cha moto ni mimi. Ziwa likifungwa ili samaki wazaliane, yeye ndiye anayezunguka ufukweni kunyang'anya watu taa za kuvulia dagaa na kumwaga ndoo zao za samaki majini. Sheria ni sheria, sikatai. Lakini wanaomwagiwa ni waume wa wenzangu, na wenzangu ndio ninaouza nao dagaa sokoni Kibirizi. Diana, shoga yangu tangu utotoni, alihamisha turubai lake la kuanikia akaenda mwisho wa soko ili asinione. Nilimwomba Gasper aache kile kiti. Nilimwomba kwa upole, nikamwomba kwa kununa, nikamwomba kwa samaki wa mgebuka aliyeungwa kwa mawese. Alikula, akalamba vidole, akasema, "Mama Happy, kiti ni dhamana."

Mwaka huu ziwa lilipofungwa, binti yetu Happiness akamtumia baba yake zawadi kutoka Dar, kipakiti alichokinunua mtandaoni. Juu yake wamechorwa nyani wa majini, baba, mama na watoto, wamevaa mataji na wanacheka. Ndani mlikuwa na kitu kama vumbi la kahawa.

"Ni mayai, baba," Happiness alieleza kwenye simu. "Unayatia kwenye maji ya chumvi, yanaanguliwa. Wanaitwa nyani wa bahari. Ni wa kufuga tu, wakuchangamshe."

"Chumvi ya nini?" Gasper akang'aka. "Hakuna kiumbe wa kukataa maji ya Tanganyika!"

Akachota maji ziwani, akajaza jagi langu la kioo, lile la wageni, akatia theluthi ya mayai na kuliweka katikati ya meza ya sebuleni. Akasubiri. Akaanza kuyakemea. Hakikutoka hata kiroboto.

Theluthi ya pili aliitilia chumvi ya dukani, akakoroga kwa mwiko kama anasonga ugali. Mle hata mimi nisingeanguliwa. Mwishowe akaingia jikoni kwangu bila hodi, akaiba ile chumvi ya Uvinza ninayokaushia samaki, akaitia kidogo kidogo huku anaonja. Safari hii mayai aliyatia nusu tu ya yaliyobaki, maana adabu ilikuwa imeanza kumwingia. Kesho kutwa yake mle ndani mkawa na vitu. Nasema vitu kwa sababu sikujua niviite nini, vidogo kuliko kope, vinarukaruka. Taji sikuliona. Gasper akapuliza filimbi humo humo ndani.

Akavilisha ugali wa muhogo, maana mgeni kwetu hupewa ugali. Maji yakachacha, vyote vikafa, na mume wangu akasusa chakula cha jioni. Nilienda kuchekea uani.

Akaanza upya na punje zilizobaki. Sasa aliwalisha hamira yangu ya maandazi, akiichota kwa ncha ya kijiti cha meno. Wakaishi. Wakakua mpaka ukaona miguu yao ikipepea kama manyoya. Mimi asubuhi naulizwa chai iko wapi, wao wanaulizwa wameamkaje. Nilimwonea wivu mdudu, Mungu anisamehe.

Jioni moja umeme ulikatika. Gasper akaweka tochi ya simu kando ya jagi, na wale wadudu wote wakakimbilia mwangani, wakarundikana pale pale kama dagaa chini ya taa. Alifurahi hadi akaita majirani. Ziwa limefungwa, watu hawana kazi, mtaa mzima ukaja. Na Hamdani akaja, mvuvi ambaye mume wangu alimnyang'anya taa na kumwaga ndoo yake mbele ya watoto wake.

Hamdani aliinama mezani muda mrefu.

"Mwenyekiti, maji haya umeyatoa wapi?"

"Ziwani, wapi tena? Maji bora kuliko yote."

"Na hiyo tochi ndiyo inawavuta?"

"Wewe tazama wanavyokuja!"

Hamdani akashukuru kwa adabu zote, akaaga. Hapo nikajua tumekwisha.

Kesho yake kikao kikaitishwa mwaloni. Hamdani akasimama na kushitaki kwamba kuna mtu, ziwa likiwa limefungwa, amewasha taa na kukusanya viumbe kwenye maji ya ziwa, tena wachanga wasiofikia kipimo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Gasper akajitetea kuwa hawa wametoka kwenye pakiti. Mzee mmoja akataka kuona leseni ya pakiti.

"Jamani, ni jagi moja tu!" Gasper akasema.

"Siku uliyonimwagia," Hamdani akajibu, "ulisema sheria haiangalii ukubwa wa ndoo."

Kicheko kikakatika. Winfrida, katibu wa kamati, mwanamke asiyejua mzaha, akafunga mjadala. "Mwenyekiti hawezi kumwaga ndoo za watu huku yake iko sebuleni. Ama uwamwage hapa tukiona, ama uache kiti. Chagua."

Kwangu mimi hapakuwa na cha kuchagua. Kiti nakijua, angekifia. Wale wadudu niliwahesabu marehemu.

Gasper alikwenda nyumbani, akarudi amelikumbatia jagi kifuani. Akaingia majini mpaka magotini, na mwalo mzima tukamfuata kwa macho. Akaliinamisha. Vifaranga vya samaki vikaja kuzunguka miguu yake, vinafungua na kufunga midomo, ndivyo vinavyofanya mtu anapoosha vyombo pale. Gasper akavitazama. Akatazama jagini. Akasimama hivyo hadi watu wakaanza kukohoa.

Kisha akalinyanyua jagi, akatoka majini, akavua filimbi na kumvisha Hamdani. Kizibao alimkabidhi Winfrida. Sijawahi kumwona mwenyekiti akiacha kiti angali hai, na wenzangu pia hawakuwahi, maana hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea.

Tulipofika nyumbani, nikalipuka.

"Miaka yote hii nakuomba! Nimepoteza marafiki, soko zima linanitenga, unaniambia kiti ni dhamana. Leo umekiacha kwa ajili ya viroboto!"

Alikuwa ameketi kwenye kochi na kijiti chake cha hamira, anawachunguza kama wameumia kwa safari. Hakugeuka. Akasema taratibu, "Mama Happy, wewe ukimwagwa ziwani utaogelea. Hawa nani atawatoa?"

Alisema kwa nia njema. Aliona ananisifu, na ndiyo maana iliniuma. Niliketi kwenye mkono wa kochi. Nikajiona pale Kibirizi, naamkia watu wasioitikia, naanika peke yangu, nafungasha peke yangu, na yeye yuko ufukweni amevaa kizibao, ana hakika kabisa kwamba naogelea.

"Nilikuwa nazama, Gasper," nikamwambia.

Mkono wake wenye kijiti cha hamira ukabaki hewani. Akageuka, akakiweka kijiti chini na kusogea kwenye kochi ili nipate pa kukaa.