Kiota Namba Kumi na Tisa, Jikoni

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, siku ya tisa ya Juni, Thurman Fulcher alikuta alama za kasa kwenye mchanga, hatua chache kutoka nyumbani kwake. Alifanya kama alivyofanya kila alfajiri kwa miaka kumi na miwili. Alitoa utepe wa kupimia, akapima upana wa njia ya kasa, inchi thelathini na nane, akaandika daftarini. Kisha akazifuata zile alama akiwa ameinamisha kichwa. Alipanda nazo tuta la mchanga, akapanda nazo ngazi za mbao, ya kwanza hadi ya kumi na nne, akavuka nazo baraza. Aliandika: "Amekutana na kizuizi. Hakurudi nyuma." Ndipo aliponusa mayai yakikaangwa, akainua kichwa, akajikuta jikoni kwake.

Mkewe, Ardith, alikuwa amesimama upande mmoja wa jiko, kwa kuwa upande wa pili ulikuwa na shimo lililofukiwa.

"Kaondoka kama saa tisa hivi," Ardith alisema. "Nilimpisha."

"Mbona hukuniamsha?"

"Kanuni yako ya pili, baba. Kasa akitaga, watu wanyamaze."

Kanuni zilikuwa kumi na nne, na Thurman ndiye aliyeziandika. Hakusomea mambo hayo popote; alisoma vitabu vya maktaba majira ya baridi mawili mfululizo, akawa kiongozi wa watu wanaojitolea kulinda kasa na ndege kisiwani Hallet. Kila kiangazi aliupitisha mwongozo wake chini ya milango ya wageni. Kanuni aliyoipenda zaidi ni ya tisa, ya kamba za kuzungushia viota: "Anayeona kamba zetu ni usumbufu angalifikiria hilo kabla ya kujenga juu ya mchanga." Siku aliyoiandika alimsomea Ardith mara tatu.

Alichimbua taratibu kwa vidole, akaliona yai la juu, akarudishia mchanga. Akashuka chini ya nyumba, mahali anapoegesha gari kati ya nguzo, akatazama juu. Sakafu ilikuwa mbao zilezile, kavu, na ndoano yake ya kutundikia fito za uvuvi. Aliandika: "Kina cha shimo, inchi ishirini na mbili. Unene wa ubao, inchi moja na nusu." Akapigia mstari, akaenda kumwita Dottie Burrus, mwenzake katika kujitolea.

Bi Dottie alikata tiketi za kivuko kwa miaka ishirini, na alizoea kuwaambia watu wangoje. Alikuja na vigingi vinne na kamba ya rangi ya machungwa. Vigingi viliingia kwenye vigae vya jikoni bila shida.

"Ngoja, Thurman," alisema. "Hapa si ndipo palipokuwa na kile kiota chako cha zamani?"

Ndipo palipokuwa. Thurman alikuwa amekisimulia kiota kile kwa kila aliyekubali kusimama. Mwaka aliojenga nyumba, mafundi walipokuja na nguzo, palikuwa na kiota cha kasa katikati ya kiwanja. Yeye aliwasimamisha mafundi siku kumi na moja, mpaka vitoto vikaanguliwa vikaenda baharini. Baada ya hapo ndipo akachimbia nguzo.

"Wewe ulingoja siku kumi na moja," Bi Dottie alisema, akifunga fundo. "Kasa huyu kangoja miaka thelathini na moja arudi alikozaliwa. Na bado kakukuta."

"Si tuyahamishe tu mayai?" Ardith aliuliza. "Tuyapeleke hapo nje."

Kanuni ya tano iliruhusu mayai kuhamishwa pale tu bahari inapoyafikia.

"Bahari haifiki jikoni," Thurman alisema.

"Wakati wa kimbunga cha mwaka juzi ilifika."

"Ilifika ngazi ya kumi na moja. Nilipima."

Bi Dottie alijipangusa mikono. "Basi ihame nyumba. Kiwanja cha marehemu mama yake Ardith kiko wazi kule kwenye kinamasi. Harlan kazi yake ni hiyo. Anainua nyumba kwa jeki na kuisukuma kama kigari cha mtoto. Vitoto vikishatoka, mwite. Wakirudi hao wengine wakute mchanga."

"Msimu ukiisha," Thurman alisema. Na alimaanisha. Tumtendee haki: alimaanisha wiki nzima.

Wiki ya pili walikuja buabua, wale ndege weupe wadogo wenye kofia nyeusi, jozi tisa. Waliingia kwa dirisha la sebuleni na kutaga juu ya zulia, ambalo Ardith alilinunua kwa sababu lilifanana na ufuko. Bi Dottie akazungusha kamba nyingine. Kwa desturi yao buabua walimshambulia kila aliyepita na kumdondoshea kinyesi, kwa hiyo Thurman alikwenda chooni na mwavuli. Jumamosi watazama ndege walijipanga juu ya tuta na darubini zao. Mama mmoja alimwomba Thurman kwa adabu asogee mbali na dirisha, anawasumbua ndege. Thurman aliomba radhi, akasogea.

Taa ndizo zilizomchosha. Kitoto cha kasa hufuata mwanga, kikidhani ni bahari, na Thurman alikuwa amegonga milango mingi kuwazimisha watu taa. Sasa alikula gizani. Usiku mmoja mgeni wa nyumba ya jirani aligonga mlango wake, mwongozo mkononi.

"Samahani, mzee. Saa ya jiko lako inawaka. Kanuni ya saba."

Thurman aliifunika kwa soksi.

Asubuhi ya siku ya hamsini na nane, mchanga wa jikoni ulikuwa umebonyea katikati. Thurman, Ardith na Bi Dottie walipiga magoti kusoma nyayo. Vitoto mia na nne vilikwenda mlangoni, vikashuka ngazi zote kumi na nne, vikaingia baharini. Saba vilikwenda kwenye friji.

Bi Dottie aliinua kichwa. "Nani kafungua friji usiku?"

Thurman alitazama daftari lake.

"Keki ya tini," Ardith alisema. "Kila nikimwambia ale ashibe mezani, hasikii."

Vile saba vilikuwa hai, chini ya friji, vikiota joto la mota. Thurman alivitia ndooni, akavibeba hadi ufukweni, akaviweka juu kabisa ya mchanga vitembee vyenyewe, kwa kuwa kasa hukariri ardhi anayoitembea akiwa mdogo.

"Umechelewa," Bi Dottie alimwambia. "Hao wameshakariri jikoni."

Siku tatu baadaye walichimbua maganda na kuyahesabu, kama ilivyo kawaida. Thurman alijaza fomu aliyoibuni mwenyewe. Kwenye sehemu ya hatari zilizokipata kiota palikuwa na visanduku vya mbweha, kaa, taa, magari na maji. Cha nyumba hakikuwepo. Alifikiri kwa muda mrefu, kisha kwenye "Mengineyo" akaandika: "Keki."

Mwisho wa Septemba buabua walikuwa wamekwenda kusini, na Harlan alikuja na jeki zake. Thurman alimpeleka kinamasini. Waliumwa na mbu wakitazama tangi la maji la kisiwa, maana hakukuwa na kingine cha kutazama. Waliporudi, Thurman alisimama barazani na kuiangalia bahari.

"Mwakani," alisema.

"Wote husema mwakani, mzee," Harlan alisema, akipakia jeki. "Mimi sina haraka. Bahari ndiyo mpiga debe wangu."

Wiki ileile, kwenye kivuko, Thurman alimsimulia mgeni habari za kasa. Hakuzitaja tena siku kumi na moja. "Mimi niliwapa jiko langu siku hamsini na nane," alisema.

Bi Dottie alikuwa kiti cha nyuma. "Uliwapa, Thurman, au wao ndio waliokuazima wewe?"

Thurman aliliwaza swali hilo njia nzima. Alipofika nyumbani alichukua ubao mzuri, akaandika kwa mwandiko wake bora: "Kwa atakayeishi hapa baada ya miaka thelathini: kuanzia Mei, mlango huu uachwe wazi." Akaupigilia misumari minne juu ya mlango wa mbele, kwa ndani.

Ardith aliusoma. "Na sisi wakati huo?"

"Tutakuwa tumekufa."

"Na nyumba?"

"Nyumba ni imara."

Alirudi nyuma hatua mbili kuutazama ubao. Ulikuwa umenyooka. Kisha akaufunga mlango, kwa sababu upepo ulikuwa ukiingiza mchanga.