Paskazia Hashiki Nyavu

Eeh, hapana, Paskazia na mumewe hawakugombana. Pale mwaloni, mitumbwi inapoegesha, watu walisema hivyo kwa sababu walimwona kakaa mbali na nyavu, yeye ambaye mikono yake ndiyo iliyoziba kila tundu. Kwao mwanamke akiwa kwenye siku zake hashiki nyavu wala mtumbwi, samaki watakimbia. Lakini Paskazia alishakoma hedhi zamani, wajukuu anao, ndiyo maana Mhoja, mumewe, alimwachia kazi ile kwa raha zote.

Basi Mhoja akanuna. Miaka ile viwanda vya minofu vimefunguliwa Mwanza, gari la barafu linafuata sangara mpaka mwaloni, halafu nyavu zimechanika!

"Mama Elias, siku hizi umekuwa mke wa bwana mkubwa?"

"Zishone wewe, si una vidole?"

Vijana wakacheka. Mhoja akamfuata mpaka jikoni, kavimba. Hapo Paskazia akainamisha kichwa.

"Damu imerudi, baba Elias. Tangu kabla ya kuvuna pamba."

Mzee yule, bwana, akacheka! "Kumbe umerudia usichana! Nitafute jina la mtoto?"

Mwenzake hakucheka. Dorotea, mke wa Elias, alikuwa pale anapepeta mchele. Mkwe hasemi mambo kama hayo mbele ya baba mkwe, ni aibu kubwa. Siku hiyo aligeukia ukuta, akasema.

"Baba, unisamehe. Shangazi yangu wa Kisesa alianza hivyohivyo, tukamtania kwamba amekuwa mwali. Mama, na uchafu je, unatoka?"

"Maji maji. Yananuka kama ya kuoshea samaki," Paskazia akasema polepole. "Na kiuno kinakatika. Na mambo ya chumbani, damu tu."

Mhoja akakumbuka mkewe alivyohamia kulala na wajukuu, naye akadhani amechokwa. Kicheko kikamkauka.

"Huyo shangazi alikawia kwenda hospitali?"

"Alikawia, baba. Tulimzika."

Gari la barafu likaja, likaondoka bila samaki wa Mhoja. Yeye na mkewe hao, Sengerema, hospitali. Daktari akampima, akakata kinyama kidogo kikachunguzwe. Akawaambia mwanamke aliyekoma, damu ikirudi hata tone, si usichana huo, ni kuja upesi. Inaweza kuwa jambo dogo, inaweza kuwa saratani. Majibu wangoje.

Waliporudi nyumbani, walikuta mkeka umetandikwa. Ugali na sato vimetengwa, vinapoa. Elias na wadogo zake wamesimama kando ya mkeka, hakuna wa kuanza kula.

"Mnanilia matanga, na mimi nipo?" Paskazia akauliza toka mlangoni.

"Njoo ukae hapa," Mhoja akasema.

"Hapo kwa wanaume?"

"Hapa. Bila wewe chakula hakishuki."

"Sogea basi, umejaza mkeka mzima."

Mzee akasogea. Paskazia akakaa, kiuno kinamuuma, ameshika goti. Wana wakakaa. Dorotea naye akakaa pembeni na watoto, kampa baba mkwe mgongo, kama heshima inavyotaka. Wakanawa, wakala.