Kutu ya Baba Mkwe

Miaka sita ya ndoa, fundi wa kuchomelea alikuwa akisubiri jambo moja tu: baba mkwe amwite "mwanangu." Hadi leo aliitwa "wewe," na siku mzee akiwa na furaha, "huyu mchomeleaji." Basi boti ya alumini ya mzee ilipoanza kutoboka, naye akaitwa kuitazama, alibeba vifaa kama mtu anayekwenda kuposa upya.

Boti ilikuwa imepinduliwa uani juu ya matofali. Baba mkwe, mwalimu mkuu mstaafu, alisimama kando na fimbo yake.

"Ni huyo jirani," alisema, akiuelekezea fimbo ukuta. Kazi ya jirani ilikuwa kuchaji betri za magari. "Ananimwagia maji ya betri. Mwaka wa pili huu hatusalimiani."

Fundi akapiga magoti, akakwangua kutu nyeupe iliyopukutika kama chokaa. Chini yake vitundu tele, chujio la chai lina nafuu. Lakini vyote vilijazana nyuma ya boti, kukizunguka kibati cha shaba kilichoandikwa: Kwa Utumishi Uliotukuka. Mzee alikuwa amekifunga kwa skrubu mwenyewe alipostaafu, palepale panapozama, nadhani ili hata samaki wasome.

Fundi aliujua ugonjwa huo. Shaba na alumini zikigusana majini, shaba huila alumini taratibu. Boti ilikuwa ikiliwa na sifa za mwenyewe. Akisema, lile neno "mwanangu" atalisikia redioni tu. Akinyamaza, kiraka kitaliwa nacho, na jirani ataendelea kubeba msalaba usio wake.

"Baba," alisema kwa sauti ya mgonjwa, "alumini haielewani na shaba majini. Kibati hiki kingekaa sebuleni, wageni wakione."

Mzee alikitazama kibati, kisha ukuta wa jirani.

"Kwa hiyo si maji ya betri."

"Si maji ya betri, baba."

Fundi akakifungua kibati, akapiga msasa mpaka alumini ikang'aa, akachomelea kiraka. Alipomaliza, mzee akaenda kuugonga ukuta kwa fimbo hadi kichwa cha jirani kikachomoza.

"Jirani," alisema mzee, "nimekusamehe."

Kisha akamgeukia fundi.

"Au siyo, mwanangu?"

Fundi akaushika msasa, akaanza kusugua mahali palipokwisha kung'aa.

"Ndiyo, baba," alisema, wala hakuthubutu kumtazama jirani.