Mgonjwa wa Mlango wa Buluu

"Kwa amri ya Baraza Kuu la Chuo, baada ya sala na mashauriano marefu, wanafunzi wote wa Theolojia wanajulishwa kwamba kuanzia leo hadi Pasaka chumvi haitawekwa mezani, kwa sababu chumvi ni anasa ya mwili. Atakayeonekana nayo atajieleza mbele ya Doyen."

Baraza Kuu halikuwa limeketi. Tangazo hilo nililiandika mimi, Héritière, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikiwa nimelala kifudifudi kitandani na miguu hewani. Kisha nikalibandika kwenye valve, ule ubao wa matangazo ulio mlangoni pa bwalo, nikakaa kungojea kicheko. Nilikotoka, internat, shule ya bweni ya wasichana, tangazo kama hilo lingefanya watu mia mbili wagonge sahani kwa vijiko mpaka mkuu wa shule atoke mbio. Hapa watu wazima arobaini walilisoma, wakatikisa vichwa kwa heshima, wakala maharage bila chumvi siku mbili. Hata Doyen, Muzee Baharanyi, msimamizi wa nidhamu, alikula bila chumvi, akidhani amri imetoka kwa wakubwa wake. Siku ya tatu mama wa jikoni alikosa karatasi ya kuwashia moto, akalibandua tangazo, na chumvi ikarudi bila maelezo.

Hapo nilielewa kwamba nimefika mahali pa hatari. Hapa hakuna anayecheka. Watu wanatii, na wakimaliza kutii wanaomba.

Maisha yetu yanaongozwa na Règlement, kijitabu chenye vifungu arobaini na vinne. Rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti hugongwa saa kumi na moja alfajiri, nasi tunaamka. Kifungu cha tano kinasema kitanda kitandikwe kabla ya sala. Cha tisa kinatoa ndoo moja ya maji ya kuoga, na ndoo yenyewe isijae. Cha kumi na nane kinaagiza simu zote ziwekwe ndani ya debe la biskuti Jumatatu asubuhi, zirudishwe Jumapili baada ya ibada. Cha ishirini na mbili kinakataza kucheka maktabani. Hicho hakijawahi kuvunjwa, na sababu si woga.

Wenzangu karibu wote ni wachungaji tayari, wenye wake au waume, watoto, ng'ombe na maumivu ya mgongo. Mimi nina miaka kumi na minane. Mkuu wa internat aliliambia kanisa letu kwamba ulimi wangu utaishia mimbarani au gerezani, na wazee wa kanisa, baada ya kufikiri sana, wakachagua mimbara.

Nyumbani ni Kalengera, lakini nyumbani hakuna mtu. Mama na wadogo zangu walivuka mpaka kwenda Uganda nilipokuwa bado internat, na namba pekee niliyo nayo ni ya jirani yao. Jumapili nikipewa simu ninapiga. Mwanamume anajibu, "Ametoka." Nikiuliza amekwenda wapi, anasema tena, "Ametoka," na simu inakatika.

Jumapili hiyohiyo ndiyo siku ya wageni. Muzee Baharanyi anasimama langoni na kuita majina ya waliotembelewa. Mimi ninakaa juu ya ukuta wa mawe ya volkano, upande wa barabara ya Mapendo, ninahesabu pikipiki. Nimejiwekea sheria kwamba nikifika mia bila jina langu kuitwa, ninaruhusiwa kulia. Sijawahi kulia. Nikifika tisini ninaanza upya.

Sasa, kifungu cha thelathini na moja. Ndani ya kanisa la chuo kuna sanduku la mbao. Yeyote mwenye ombi analiandika bila kutia jina lake na kulitumbukiza. Jumatatu, Pasteri Hitimana, mlezi wetu wa kiroho, anachota karatasi moja, moja tu, na chuo kizima kinaibeba karatasi hiyo katika sala ya saa kumi na mbili jioni, kila siku, mpaka jibu lipatikane. Nyingine zinangoja sandukuni. Niliwahi kumwuliza kwa nini tusibebe kumi kwa pamoja.

"Mungu anasikia zote," alisema. "Sisi ndio tuko na masikio mabili tu."

Mimi nikaandika hivi: "Mwombeeni Niyigena, anayekaa mtaa wa Ndosho, nyuma ya mashine ya kusaga, mlango wa buluu. Hali chakula. Halali usiku. Ugonjwa wake haujulikani jina." Jina la Niyigena nililiokota karibu sana, nitasema wapi wakati wake ukifika. Mlango wa buluu niliuongeza kwa sababu uongo bila mlango hauingiliki. Mpango wangu ulikuwa kwamba wiki ya pili Niyigena aote mkia, na wiki ya tatu mkia uanze kusema Kifaransa.

Jumatatu Pasteri akachota karatasi yangu.

Jioni ile watu arobaini walipiga magoti kwenye sakafu ya saruji. Pasteri Valentin, mtu mkubwa kutoka vilima vya Masisi ambaye sauti yake ni ya lori linalopanda, alianza: "Ee Bwana, umukumbuke Niyigena. Hatumujui, wewe unamujua." Na wote wakafuata, kila mmoja kwa maneno yake, jina hilo likizunguka chini ya mabati. Niliuma kiganja nisicheke. Siku ya tatu sikuhitaji kukiuma. Wiki ya pili nilikuwa wa kwanza kufika kanisani, nikikaa katikati ya benchi ili jina linifikie kutoka pande zote. Mkia niliusahau. Muzee Baharanyi akaandika katika daftari lake la nidhamu kwamba mwanafunzi Héritière anaonyesha maendeleo ya kiroho.

Chumbani kwangu ninakaa na Mama Élisabeth. Ana miaka arobaini na saba na ametoka Masisi kama Pasteri Valentin. Anatandika kitanda chake, kisha anatandua changu na kukitandika upya bila kusema neno. Usiku wa baridi huamka kunifunika. Mimi hujifanya nimelala, kwa kuwa nikishukuru huenda akaacha.

Jumatatu ya wiki ya nne, baada ya chakula, tulikuwa tunachambua maharage ya kesho.

"Mama Élisabeth," nikamwambia, "wewe hauna ombi? Kila siku Niyigena, Niyigena. Mutu atafikiri hapa hakuna mwingine mwenye shida."

"Karatasi yangu iko ndani ya sanduku," alisema. "Tangu ile siku walichota ya Niyigena."

"Uliandika nini?"

Alitupa jiwe moja, akatafuta lingine. "Papa Modeste."

Modeste ni mumewe. Alibaki vilimani na ng'ombe wakati yeye alipokuja kusoma. Mara ya mwisho kusikia sauti yake ilikuwa kabla ya mvua kuanza, na watu walioteremka kutoka huko, anaowaona kila Jumapili langoni, wanasema nyumba ipo, ng'ombe hawapo, naye hawakumwona.

"Si umwambie Pasteri atoe karatasi yako kwanza?"

"Na yule wa Ndosho? Yule hali, halali. Papa Modeste ni mutu muzima, iko na koti yake, iko na fimbo." Alipepeta maharage muda mrefu kuliko yalivyohitaji. "Niyigena apone kwanza. Mimi nitangoja."

Nilitoka nje kwenda kumwaga mawe. Yalikuwa sita. Nilisimama nayo mkononi mpaka rimu ya lori ikagongwa kwa ajili ya kulala.

Dawa ilikuwa mstari mmoja wa kalamu. Niliuandika Jumamosi: "Niyigena amepona. Mungu asifiwe. Endeleeni na ombi lingine." Nikautumbukiza, nikajihesabia kuwa nimetubu kwa njia ya posta.

Jioni ile Pasteri Hitimana alifungua sanduku kutafuta jibu, kama anavyofanya kila Jumamosi, akasoma. Watu waliokula bila chumvi kwa ajili yangu sasa walisimama wakaimba. Pasteri Valentin alilia waziwazi. Mama Élisabeth alinishika mkono, nikajua anafikiria Jumatatu.

"Basi, kesho baada ya ibada," Pasteri akasema, "kifungu cha thelathini na mbili."

Nilikuwa nimesoma Règlement kama watu wengi wanavyosoma kitabu cha Hesabu katika Biblia, mwanzo na mwisho. Nilikimbilia chumbani kufungua kile kijitabu. "Ombi likijibiwa, chuo chote kitakwenda kwa miguu hadi kwa aliyejibiwa, kwa ngoma na chakula, kumshukuru Mungu pamoja naye."

Jumapili simu zilipokuwa zinarudishwa, nilichukua bidon mbili nikajificha kwenye foleni ya maji, nikitumaini wangeondoka bila mimi. Walinisubiri. Tukatoka langoni mistari miwili. Mbele ilikuwa ngoma ya Pasteri Valentin, kisha beseni la maharage na sombe, yale majani ya muhogo, kichwani mwa mama wa jikoni, kisha Muzee Baharanyi na mwavuli, na chini ya kwapa lake kuku mwekundu wa kumpa mgonjwa nguvu. Njia nzima watu walisimamisha pikipiki kutuangalia. Vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, walituuliza kama ni arusi. "Ni uponyaji," Pasteri Hitimana aliwajibu, na wawili wakafuata.

Nyuma ya mashine ya kusaga, Ndosho, kuna milango ya buluu mitatu. Sikujua. Wa kwanza ulikuwa na kufuli. Kwenye wa pili alikaa mama aliyekuwa anasuka nywele za binti yake.

"Hapa tuko wazima," alisema, akiliangalia beseni. "Lakini kama muko na chakula, tunaweza kugonjwa."

Wa tatu ulifunguliwa na mzee mwenye radio mkononi. Alilifikiria jina la Niyigena kwa bidii. "Sijue yeye. Ila muimbe tu, mumetoka mbali."

Tukaimba. Halafu wimbo ukaisha, na watu arobaini wakabaki wamesimama kwenye mawe meusi, wakitazamana. Pasteri Hitimana alitoa karatasi yangu mfukoni, akaisoma tena, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi. Alikuwa na wasiwasi usoni, kama mtu aliyepoteza mtoto sokoni. "Labda amehama," alisema. "Tuulize nyumba kwa nyumba. Hatuwezi kurudi bila kumuona."

Mama Élisabeth alikuwa kando yangu. Alitoa simu yangu kutoka kwenye fundo la kitenge chake.

"Nilikuchukulia kwenye debe," alisema kwa sauti ya chini. "Ililia ukiwa kwa maji. Namba ya Uganda. Mama moja akaniuliza, Niyigena iko? Nikamwambia, hii simu ni ya Héritière. Akasema, ndiye huyo, Héritière ni jina la masomo. Kwetu tunamwita Niyigena."

Nilitazama mashine ya kusaga. Ilikuwa imefungwa, ni Jumapili.

"Alisema nini tena?"

"Aliuliza kama unakula."

"Ukamujibu?"

"Nikamwambia ukweli. Hali. Halali. Nalala karibu yake, naona." Akaniwekea simu kiganjani. "Atapiga tena jioni, amesema. Mimi sitawaambia kitu hawa. Lakini angalia ile kuku, imefungwa miguu tangu asubuhi."

Nilipanda juu ya jiwe. Nilikuwa nimewahi kujiona nikihutubia umati, katika ndoto zangu za internat, na daima ndotoni nilikuwa na kofia.

"Pasteri," nikasema. "Msigonge mlango mwingine. Niyigena ni mimi."

Pasteri Valentin aliteremsha ngoma.

Niliwaambia kwamba hakuna mgonjwa wa Ndosho na hajawahi kuwapo. Kwamba Niyigena ni jina ambalo mama yangu ananiitia kutoka jikoni, na tangu Kalengera hakuna aliyeniita hivyo mpaka wao. Kwamba nilianza kwa mzaha. Kwamba ndani ya sanduku, chini ya uongo wangu, kuna karatasi ya Mama Élisabeth, inayomhusu Papa Modeste wa Masisi ambaye hajulikani aliko, na kwamba tafadhali wasingoje Jumatatu.

Mama Élisabeth alikuwa ameinamisha kichwa. Muzee Baharanyi alimkabidhi mama wa jikoni yule kuku, akatoa daftari lake la nidhamu, akalamba kidole, akafungua ukurasa.

"Kuna kingine?"

"Chumvi, Muzee."

Aliandika. "Siku mbili," alisema.

"Ndiyo, Muzee."

"Kingine?"

Ningeweza kuishia hapo. Chumvi ilikuwa imekaribia kumfanya mtu mmoja nyuma atabasamu, nilimwona.

"Siku tano," nikasema. "Mama Élisabeth aliniambia habari za Papa Modeste Jumatatu, na mimi nikaandika Jumamosi. Nilijua, Muzee, na nilinyamaza siku tano, kwa sababu kila jioni mlikuwa mnaita jina langu, na nilitaka mliite mara moja tena."