Salongo ya Malachie

Jumamosi asubuhi watu wa avenue moja ya mtaa wa Vulamba walishuka mtoni kwa salongo, kazi ya wote, kila nyumba mtu mmoja. Gugu geni la miiba lilikuwa limeziba mto, na mvua ikinyesha maji yaliingia hadi vitandani. Walilikata kwa mapanga. Kila juma lilirudi.

Katungu alichelewa, akakuta mume wake Malachie ameshaanza sehemu yao. Malachie aliuawa mwaka jana katika shamba lao la kakao upande wa Beni, na maiti yake haikupatikana. Sasa alikuwa amevaa shati lile lile la shamba. Majirani walimsalimia, wakamsogezea panga, akalikataa. Aling'oa kwa mikono, na alipopita, mzizi haukuchipua tena.

Katungu aliinama kando yake. Mwaka mzima alikuwa anatafuta kaburi la kulilia.

"Baba Bénite," alimwita kwa jina la mtoto wao, "uko wapi?"

"Chini ya kakao ya mwisho, pembeni ya kijito. Banifunika na majani tu."

Kisha akauliza kama paa la jikoni bado linavuja. Bado lilikuwa linavuja.

Kengele ya adhuhuri ilipolia, Malachie alinawa mikono, akaondoka. Katungu alikwenda moja kwa moja kwa Apollinaire, shefu wa avenue, ambaye alikuwa ameahidi kuomba askari wa kuwasindikiza kuichukua maiti mara tu mahali ilipo patakapojulikana. Shefu alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, vumilia kwanza. Tukimuzika, nani atatung'olea haya majani? Wacha amalize muto. Na yeye haiko na haraka."

Majirani waliona shefu amesema vema. Nyumba zao zilikuwa zimeanza kukauka.

Malachie alirudi kila Jumamosi, akafika darajani, mwisho wa sehemu ya avenue, kabla ya masika. Mvua ikateremsha mbegu mpya kutoka juu, zikaota pale pale alipoanzia, na Apollinaire akamwomba aanze upya.

Siku hizi Katungu huwahi. Huja na ndoo ya maji ya kunawa, nao hushika kazi bega kwa bega. Adhuhuri humsindikiza mumewe kwenye njia ya Beni mpaka kwenye kizuizi cha askari. Askari humshushia Malachie kamba, akapita. Lakini Katungu hurudishwa na askari, kwa upole, kwa sababu barabara ile si salama.